Saa za Jua na Saa za Nyumbani: Redio ya Ridhaa katika Mwambao wa Nyasa

Redio ya ridhaa ni utumiaji wa mawimbi ya redio kwa kujifunza, kujaribu vyombo na kuzungumza na watu wa mbali, bila malipo na bila biashara. Anayeishughulikia hutegemea mambo mawili ambayo hayapangwi pamoja. La kwanza ni hali ya anga, inayofungua na kufunga njia za mawimbi kwa saa maalumu. La pili ni ratiba yake mwenyewe, inayobadilika kila anapopata kazi mpya, mtoto, zamu ya usiku, shamba la pili au barua ya kustaafu. Ratiba ikibadilika, mtu hufikiria kwanza namna ya kupata muda zaidi, na mara nyingi muda huo haupo. Lenye manufaa zaidi ni kujua, kwa ule muda uliobaki, anga iko wazi kuelekea wapi, kwa masafa gani, na kwa chombo kipi.

Jambo hilo linaweza kuchunguzwa vizuri katika kata ya Kihagara na vijiji jirani, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga kabla wilaya ya Nyasa kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Hapo jua huchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima. Upande wa mashariki kuna milima, upande wa magharibi kuna ziwa. Shughuli za watu hufuata mvua, mwezi na kengele ya shule. Vipimo vyote vya tatizo, yaani jua, ardhi na kazi, vinaonekana wazi.

Leseni, alama za wito na saa inayotumika

Kanuni za Redio za Umoja wa Mawasiliano ya Simu Duniani (ITU) zinaitambua redio ya ridhaa kama huduma yenye masafa yake na masharti yake. Mazungumzo hayaruhusiwi kufichwa kwa misimbo ya siri wala kutumika kwa biashara. Hadi 2003, aliyetaka kurusha chini ya megahezi 30 alilazimika kufaulu mtihani wa Morse. Mkutano wa dunia wa mwaka huo uliiachia kila nchi uamuzi wake, na mlango ukafunguka kwa watu wasio na miezi ya kukaa wakijifunza nukta na vistari.

Nchini Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na alama za wito huanza kwa 5H. Enzi za ukoloni Tanganyika ilitumia VQ3 na Zanzibar VQ1. Kenya hutumia 5Z, Uganda 5X, Malawi 7Q na Msumbiji C9. Leseni ya Tanzania haimpi mtu haki ya kurusha akiwa Likoma au Nkhata Bay upande wa Malawi, ingawa ng'ambo hiyo iko karibu kuliko Songea kwa baadhi ya wakazi wa mwambao.

Ziwa lenyewe lina saa mbili rasmi. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), ilhali Malawi na Msumbiji ziko saa 2 mbele. Wanaredio huandika mawasiliano yao yote kwa UTC ili asiwepo wa kumsubiri mwenzake bure. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili hesabu ni nyepesi: saa ya UTC ikipunguzwa 3 hutoa saa ya Kiswahili. UTC 12 ni saa 9 alasiri; UTC 16 ni saa 1 usiku (13 ikiondolewa 12). Faida ya UTC huonekana zaidi Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Ulaya inapobadilisha saa zake. Miadi iliyowekwa kwa saa za London huruka saa nzima bila mtu wa Nyasa kugusa saa yake. Iliyowekwa kwa UTC hubaki ilipo.

Saa za jua kwenye mwambao

Mawimbi mafupi hufika mbali kwa sababu ionosfia, tabaka za juu za anga zilizochajiwa na mwanga wa jua, huyarudisha ardhini. Tabaka zinazohusika zaidi ni mbili. Tabaka la D, lililo chini, huzaliwa asubuhi na kutoweka usiku. Nalo humeza mawimbi ya masafa ya chini kama yale yenye urefu wa mita 80 na mita 40. Tabaka la F, lililo juu, huendelea kuwepo usiku likiwa limepungua nguvu, na ndilo linalobeba mawimbi kwenda mabara mengine. Kwa hiyo bendi za masafa ya chini hufika mbali usiku, na zile za masafa ya juu, kama mita 20, 15 na 10, hutegemea mchana.

Mwambao wa Kihagara uko takriban nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua huchomoza karibu saa 1 kasoro dakika chache asubuhi, na Desemba saa 12 na robo. Tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja. London, jua la Juni hutangulia lile la Desemba kwa zaidi ya saa nne kwa kipimo cha UTC, na mwanaredio wa huko hulazimika kuhamisha ratiba yake kila msimu. Wa Nyasa akishapata nusu saa yake ya alfajiri, ataikuta palepale Januari na Julai. Zaidi ya kila kitu kingine, jambo hili huurahisishia mwambao kazi ya kupanga.

Siku ya mwambao inaweza kugawanywa katika vipindi vitano.

Kabla ya jua kuchomoza, tangu saa 11 alfajiri, bendi za mita 40 na 30 huwa bado zina giza lote la magharibi mbele yao. Njia za Atlantiki, Afrika Magharibi na pwani ya mashariki ya Amerika, ambako bado ni usiku, hubaki wazi mpaka tabaka la D linapoanza kujengeka. Mpaka wa usiku na mchana nao hubeba mawimbi vizuri kwa muda mfupi. Kwa kuwa karibu na ikweta jua hupanda wima, kipindi hicho huisha haraka.

Kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, mita 20 na 17 hufunguka kuelekea Asia na Ulaya. Adhuhuri mita 40 hupungua umbali na kuwa bendi ya nyumbani. Wakati huo ndio unaofaa kuzungumza na Lilongwe, iliyo takriban kilomita 330 kutoka Liuli ya mwambao huu, au na Dar es Salaam, iliyo kama kilomita 700 kwa mstari ulionyooka.

Alasiri hadi jioni, saa 9 hadi saa 1, ndicho kipindi chenye utajiri mkubwa kwa bendi za juu. Ulaya bado iko mchana, Amerika ya mashariki imeamka, na mita 20, 15 na 10 zinaweza kuwa wazi pande zote mbili. Baada ya jua kutua, hasa Machi na Septemba, usiku na mchana unapolingana, bendi ya mita 6 huweza kuvuka ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, na kuunganisha kusini mwa Afrika na nchi za Mediterania. Mwaka 1978 njia ya aina hiyo iliiunganisha Rhodesia na Cyprus kwa megahezi 144, masafa ambayo kwa kawaida hayaendi mbali zaidi ya upeo wa macho.

Usiku wa manane hurudi mita 40 na 80, zikielekea Ulaya, Ghuba na kusini mwa Afrika. Hapo msimu huamua. Kati ya Desemba na Aprili radi za mvua hujaza bendi hizo mikwaruzo, na Juni hadi Agosti huwa na utulivu.

Juu ya mzunguko wa siku na wa mwaka kuna mzunguko wa madoa ya jua, wa takriban miaka 11. Mzunguko wa 25 ulianza Desemba 2019 na kufikia kilele mwaka 2024. Karibu na kilele, mita 10 hubeba sauti hadi Ulaya kwa wati chache. Madoa yakipungua, bendi hiyo inaweza kunyamaza kwa wiki nyingi. Aliyezoea saa yake ya jioni kwenye mita 10 atakuta, miaka michache baadaye, saa ileile haina kitu, ingawa ratiba yake haijabadilika. Atalazimika kushuka mita 20 au 40. Kwa hiyo mabadiliko ya kuzoewa hutoka pande zote mbili, nyumbani na angani.

Saa za watu

Kazi za mwambao zina mpangilio wake. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa, na hupungua mwezi unapong'aa kwa sababu mwanga wa taa hauwavuti tena samaki. Mvuvi basi ana usiku wake huru kuzunguka mwezi mpevu, na usiku wenye kazi wakati wa giza. Muda wake haufuati juma la siku saba, kwa hiyo miadi ya kila Jumanne haimfai. Inayomfaa ni miadi ya tarehe za mwezi mpevu, kwenye mita 40 au 80. Siku za giza hubakiwa na alasiri, akiwa ameamka na nyavu zimetengenezwa.

Mkulima wa muhogo, mahindi au mpunga hubanwa na mvua. Miezi ya kulima na kupalilia ndiyo pia miezi ya radi, wakati bendi za chini hazisikiki vizuri na antena yenyewe inapaswa kuondolewa kwenye redio wingu linapojikusanya. Hapa msimu wa kazi na msimu wa kelele hukutana, na kuipumzisha redio ya usiku katika miezi hiyo hakupotezi mengi. Kiangazi humpa usiku mtulivu wa mita 40 na 80. Upande wa juu, Umatengoni, uchumaji wa kahawa huangukia kiangazi hichohicho. Mkulima wa kahawa wa Mbinga hupoteza miezi bora ya bendi za chini, na humfaa zaidi kutegemea dakika za jioni kwenye bendi za juu.

Mwalimu na mtumishi wa ofisi wana siku iliyogawanyika sawasawa: alfajiri kabla ya kazi, jioni baada ya kazi, na mwisho wa juma. Saa zao za jioni huangukia kipindi kizuri cha mita 20 hadi 10, na kwa kuwa jua halihami, hali hiyo hudumu mwaka mzima. Muuguzi wa zamu ndiye mwenye ratiba ngumu kuliko wote, maana saa zake huzunguka. Kwake bendi moja haitoshi. Anahitaji antena inayoshika bendi kadhaa, ili kila zamu imkute na njia fulani iliyo wazi.

Mzazi wa mtoto mchanga ana muda mwingi uliokatikakatika na haruhusiwi kupiga kelele. Mstaafu hupata siku nzima, ila mara nyingi hupoteza urahisi wa kupanda juu ya mti kufunga waya, na kipato cha kununua betri mpya. Kwa mmoja kinachokosekana ni muda, kwa mwingine ni nguvu au fedha, na suluhisho la mmoja halimfai mwenzake.

Kufanya mengi kwa dakika chache

Anayekaa redioni kwa nusu saa hawezi kutumia dakika ishirini akizungusha kitasa kutafuta bendi iliyo wazi. Kuna msaada wa kimataifa kwa ajili hiyo. Vituo 18 vya ishara vilivyopangwa duniani na taasisi ya Marekani ya NCDXF pamoja na umoja wa kimataifa wa wanaredio (IARU) hurusha kwa zamu kwenye megahezi 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kila kimoja hupewa sekunde 10, na mzunguko mzima huisha kwa dakika 3. Alama ya wito husemwa kwa wati 100, kisha mlio hurudiwa ukipunguzwa hadi sehemu ya kumi ya wati. Kenya imo kwenye orodha kwa alama 5Z4B, pamoja na Afrika Kusini, Sri Lanka, Israeli, Finland, Argentina na nyinginezo. Dakika tatu za kusikiliza humwonyesha mtu wa Kihagara kama njia ya Ulaya ya kaskazini imefunguka, na kwa nguvu kiasi gani.

Mtindo wa mawasiliano nao huamua muda unaotumika. Sauti ndiyo yenye uhai zaidi, lakini huhitaji nguvu kubwa, bendi nzuri na nyumba inayovumilia mtu anayeita kwa dakika kumi. Morse hupita penye kelele ambapo sauti imeshindwa, na kwa vipaza sauti vya masikioni haimwamshi mtu. Mitindo ya kidijitali imeleta mabadiliko makubwa zaidi. FT8, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1993, pamoja na Steve Franke, hugawa muda katika vipande vya sekunde 15. Kituo kimoja hurusha, kingine hujibu, na mawasiliano kamili huisha kwa dakika moja au moja na nusu. Kompyuta huweza kusoma ishara ambazo sikio halizisikii kabisa. Sharti moja ni saa sahihi: ikikosea kwa zaidi ya sekunde moja au mbili, hakuna kinachosomeka. Simu iliyounganishwa na mtandao, au kipokezi kidogo cha GPS, hutosha kuirekebisha.

FT8 hubadilishana alama za wito, nguvu ya ishara na mraba wa mahali, na mara nyingi huishia hapo. Mwambao wa Nyasa umegawanyika katika miraba miwili: Mbamba Bay iko KH78 na Lituhi iko KH79. Kwa wakusanyaji wa miraba duniani, alama ya Tanzania kutoka eneo lenye wanaredio wachache ina thamani, na anayeirusha huitwa na wengi kwa wakati mmoja. Hasara yake ni kwamba mtu anaweza kumaliza mwaka akiwa na mamia ya mawasiliano bila kumfahamu hata mmoja. Kwa hiyo FT8 yafaa kuwa chombo cha siku zenye dakika chache, na sauti au Morse zihifadhiwe kwa siku za nafasi.

WSPR, mtindo wa mwaka 2008, huenda mbali zaidi katika kuokoa muda. Redio hurusha yenyewe kwa dakika mbili kwa wati moja au pungufu, na vituo vya dunia nzima huandika kwenye hifadhi ya mtandaoni kwamba vimeisikia. Mvuvi anaweza kuiacha ikifanya kazi usiku akiwa ziwani, kama leseni yake inaruhusu kituo kurusha bila mtu kukaa nacho, na asubuhi akasoma njia zilizofunguka. Wiki chache za matokeo hayo humpa ramani ya bendi ya mahali pake, yenye uhakika kuliko jedwali lolote lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya.

Miadi ni njia ya zamani zaidi. Hospitali za misheni zilizounganishwa na mtandao wa redio wa AMREF, shirika la madaktari warukao lililoanzishwa mwaka 1957, zilizoea saa za kudumu za kuitana: kila kituo kilijua lini kiwashe simu ya upepo na lini kiizime ili kuhifadhi betri. Kwa wanaredio wa ridhaa kanuni ni hiyohiyo. Watu wawili waliokubaliana UTC 03:30 kwenye megahezi 7.1 hupata katika dakika kumi kile ambacho wengine hukitafuta usiku kucha. Miadi pia humfunga mtu kwa adabu ya kawaida, na mazoea hayavunjiki ratiba inapobadilika, husogezwa tu.

Kwa mwenye mwisho wa juma mtupu yapo mashindano. Mashindano makubwa ya CQ WW hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba kwa sauti na ya Novemba kwa Morse, saa 48 mfululizo. Huanza UTC 00, yaani saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi. Mtu anaweza kushiriki kwa saa nne tu na bado akazungumza na nchi nyingi kuliko mwezi mzima wa kawaida.

Njia ambazo hazijali saa

Setilaiti ya Qatar Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba chombo cha redio ya ridhaa kiitwacho QO-100, cha kwanza cha aina yake kukaa mahali pamoja juu ya ikweta. Iko nyuzi 26 mashariki na huifikia Afrika yote, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia. Kutoka mwambao wa Nyasa inaonekana upande wa kaskazini magharibi, takriban nyuzi 73 juu ya upeo, kwa hiyo hakuna mlima unaoizuia. Mtu hurusha kwa gigahezi 2.4 na kupokea kwa gigahezi 10.489, kwa dishi lisilozidi sana ukubwa wa lile la televisheni. Haijali ionosfia, madoa ya jua wala radi za mbali, na ipo saa zote 24. Kwa muuguzi anayetoka zamu saa 8 usiku, hiyo ndiyo njia pekee ya masafa marefu anayoweza kuitegemea bila kutazama jedwali. Kikwazo chake ni vifaa, ambavyo vingi havipatikani madukani na huhitaji ufundi wa kuviunganisha.

Redio za mkono za mita 2 nazo hazitegemei saa, ila hutegemea urefu wa mahali. Antena iliyo mita 10 juu ya maji huona upeo wa redio wa takriban kilomita 13, ilhali ziwa hufikia upana wa kilomita 75 hivi. Mtu aliyesimama kwenye kilima kilicho mita 500 juu ya ziwa huona karibu kilomita 90, na ng'ambo ya Malawi huingia ndani ya uwezo wake. Safari ya Jumamosi ya kupanda vilima vya nyuma ya Liuli au kuelekea Mbinga inaweza kuchukua nafasi ya majuma kadhaa ya kukaa nyumbani.

Kituo kinachofuata ratiba

Antena ya kwanza ya mwambao ni waya. Nusu ya wimbi kwa mita 40 ni karibu mita 20 za waya, kwa mita 20 ni mita 10, na kwa mita 10 ni mita 5. Waya wa mita 20 ukilishwa mwishoni kupitia transfoma ndogo huweza kufanya kazi kwenye mita 40, 20, 15 na 10, hivyo hufunika karibu vipindi vyote vya siku bila kubadilishwa. Miembe miwili inatosha. Kwa mtu mwenye dakika chache, antena moja isiyoguswa ni bora kuliko nne zinazodai kushushwa na kupandishwa.

Mahali pa kuuweka panataka fikra. Milima ya mashariki huzuia mawimbi ya pembe ndogo kuelekea Asia na Ghuba. Muscat, iliyo kilomita 4,600 hivi kaskazini mashariki, iko upande huo. London, takriban kilomita 7,700, iko kaskazini kidogo magharibi, juu ya ziwa. Upande wa ziwa ni tambarare na hauna kizuizi. Hata hivyo faida yake isikuzwe. Maji ya bahari hupitisha umeme zaidi ya mara 100 kuliko maji ya Nyasa, na ndiyo sababu antena za wima hufanya maajabu kwenye fukwe za Unguja au Mafia. Ufukweni mwa Kihagara kinachosaidia ni uwazi wa upeo, chumvi haipo.

Nishati ndiyo inayobana kuliko saa katika nyumba nyingi. Redio ya wati 100 hula karibu ampia 20 inaporusha. Ndogo ya wati 5 hula ampia 1 hadi 2, na kama nusu ampia ikisikiliza. Paneli ya sola ya wati 50 kwenye jua zuri la siku moja huweza kurudisha takriban ampia-saa 15 kwenye betri ya volti 12, kiasi kinachotosha saa kadhaa za redio ndogo kila siku, au chini ya saa moja ya kurusha kwa redio kubwa. Ratiba ikihamia usiku, betri ndiyo inayobeba mzigo wote, na ukubwa wake lazima uongezwe kabla ya kitu kingine. Ikihamia mchana, paneli peke yake yaweza kutosha.

Umeme wa gridi, uliofika Songea kupitia njia ya Makambako mwishoni mwa miaka ya 2010 na kuendelea kusambazwa vijijini, umeleta nafuu na kelele kwa pamoja. Chaja za bei nafuu, balbu za LED na vidhibiti vya sola hutoa mikwaruzo inayofunika ishara dhaifu. Mikwaruzo hiyo ina ratiba yake pia: hupanda saa 1 usiku kila nyumba inapowasha taa, na hushuka alfajiri. Kwa hiyo saa ya jua iliyo bora kwa bendi fulani inaweza kuwa saa mbaya kwa kelele za jirani. Kuipima ni kazi ya siku moja: redio huwashwa kila baada ya saa mbili, na kiwango cha kelele kwenye kila bendi huandikwa. Mara nyingi alfajiri hushinda, kwa sababu tabaka la D bado halijajengeka na nyumba nyingi hazijaamka.

Kuhama, kuondoka na kurudi

Uhamisho wa kazi kutoka mwambao kwenda Songea au Mbinga humwacha mtu na nyumba ya kupanga isiyo na miti wala ruhusa ya kutundika waya. Chaguo moja ni kuendelea kwa redio ndogo ya begi, kutoka nje ya mji mara moja kwa juma. La pili ni kuacha kituo nyumbani kwa wazazi na kukiendesha kwa mbali kupitia mtandao wa simu. Hapo mwenye leseni hubaki na wajibu kamili kwa kila kinachorushwa, na lazima awe na njia ya kukizima hata mtandao ukikatika. La tatu ni kusikiliza tu, kwa redio yake au kwa vipokezi vilivyounganishwa mtandaoni, kama kile cha Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi kilichofunguliwa mwaka 2008. Kusikiliza hakumpi mtu mawasiliano, lakini humhifadhia ujuzi wa bendi.

Kipindi cha kuacha kabisa nacho ni sehemu ya shughuli hii. Kinachoharibika wakati wa mapumziko ni betri isiyochajiwa, viunganishi vilivyoshika kutu ya unyevu wa ziwa, na leseni iliyoisha muda. Betri ikichajiwa kila baada ya miezi michache, viunganishi vikafungwa, na leseni ikahuishwa kwa wakati, kurudi baada ya miaka mitatu ni kazi ya alasiri moja. Yakipuuzwa, kurudi ni kuanza upya.

Mpangilio wa uamuzi

Ratiba inapobadilika, mambo yanafaa kuangaliwa kwa mfuatano. Kwanza huandikwa saa zilizobaki huru, kwa UTC, kwa mwezi mzima badala ya juma, kwa kuwa mwezi na msimu ndivyo vinavyotawala kazi za mwambao. Pili huchaguliwa bendi inayofunguka katika saa hizo kwa kipindi kile cha madoa ya jua. Tatu huchaguliwa mtindo unaotosha ndani ya dakika zilizopo na unaokubalika na waliolala nyumbani. Nne hupimwa nishati na kelele za saa hizo. Mwisho ndipo huamuliwa kama kuna haja ya kununua kitu. Wanaoanza na ununuzi mara nyingi huishia na redio kubwa inayodai betri wasiyo nayo, kwa bendi iliyofungwa katika saa yao.

Yapo mambo ambayo mpangilio huu hauwezi kuyatatua. Asiye na saa yoyote kati ya alasiri na saa 1 usiku ni nadra apate Amerika kwenye mita 10, kwa kifaa chochote. Anayeweza kukaa redioni adhuhuri tu hatafika mbali kwenye mita 80. Usiku wa radi za Februari hauwezi kufanywa mtulivu. Katika hali hizo hubadilishwa lengo: mazungumzo ya karibu badala ya ya mbali, kusikiliza badala ya kurusha, setilaiti badala ya ionosfia. Mwambao wa Nyasa, wenye jua lisilohamahama na ziwa lililo wazi magharibi, hutoa nafasi nyingi za kubadilisha hivyo, na sehemu kubwa yake haihitaji zaidi ya waya, betri ndogo na kujua ni saa ngapi.